Dole Gumba Juu ya Duma

Treni ya Mpanda ilituweka Tabora kutwa nzima kabla ya kuondoka, na ilipoondoka ilikwenda kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha njiani. Kaliua tulisimama muda mrefu hata wanawake wakashuka, wakawasha moto kando ya reli, wakapika uji na kuumaliza, na bado tulikuwa pale pale. Baada ya hapo ilikuwa misitu ya miombo tu, saa baada ya saa, na vituo vidogo ambako watu walitusubiri na ndoo za asali na karanga za kuchemsha.

Mbele yangu alikaa bibi mmoja wa Kisukuma na jamaa zake. Ng'ombe wao walikuwa wametangulia kwa miguu na vijana, wao wanafuata na vyombo. Bibi yule alikuwa ameona kwamba kila behewa likitikisika mimi nashika mfuko wa koti. Mwishowe nikatoa kopo langu ili nilihamishie kwenye sanduku la spana, akaliona.

"Baba," akaniuliza, "hivyo viatu unavyovipelekea dawa huko Mpanda ni vya nani? Vya bwana harusi?"

Waliokuwa karibu wakacheka, na mimi nikacheka. Kopo lilikuwa la dawa ya viatu kweli, nyeusi, limechubuka pembeni. Ila nilikuwa nimelijaza pamba, na katikati ya pamba kulikuwa na sarafu mbili za dhahabu, kila moja kwenye kikasha chake cha plastiki angavu.

Mimi ni fundi wa kutengeneza vyerehani. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kuzunguka, na mpaka nafika miaka arobaini na kitu sikuwa nimewahi kukaa mji mmoja hadi nikamjua mjumbe wa nyumba kumi. Sarafu ya kwanza, yenye picha ya kobe, nilipewa Tanga na mzee mmoja mwenye duka la vitambaa. Nilimtengenezea vyerehani vyake kila nilipopita, kwa muda mrefu, na siku alipofunga duka kwenda kuishi kwa wanawe ng'ambo aliniita nyuma ya kaunta akanifundisha namna ya kuishika. "Ukingo tu," alisema. "Ukigusa uso, umeiharibu."

Alinieleza kwamba sarafu za namna ile hazitengenezwi kwa ajili ya sokoni. Chuma kinachozipiga chapa husuguliwa kwanza mpaka king'ae kabisa, kisha dhahabu inagandamizwa polepole, zaidi ya mara moja. Uwanja wa sarafu, pale pasipo na picha, unatoka ukiwa kioo, na picha inabaki na weupe kama umande. Ukiitazama kwa juu unajiona. Ukiiinamisha kidogo, kioo kinakuwa cheusi na kobe anabaki mweupe peke yake, kama anatembea kwenye mbalamwezi. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kilichotulia namna ile, na labda kwa mtu asiyetulia kama mimi ndiyo sababu kilinishika.

Ya pili, yenye ndege, niliipata Mwanza kwa kutoa pikipiki yangu. Walioniona nikitembea kwa miguu mwaka ule walidhani nimeibiwa.

Niliyoitaka hasa ilikuwa ya tatu. Yule mzee wa Tanga alikuwa amenionyesha kwenye kitabu sarafu ya hapa hapa kwetu, ya dhahabu, yenye picha ya duma. Nikaibeba ile picha kichwani mji hadi mji. Sikuwahi kukutana na mtu aliyeiona kwa macho, mpaka Tabora, nilipokuwa nafungua cherehani cha mke wa mfanyabiashara wa mchele. Mume alikuwa amekaa mlangoni akisimulia safari zake.

"Mpanda kuna mama mmoja, mpika vitumbua, ana hela ya dhahabu ya marehemu baba yake," alisema. "Ina chui mgongoni. Ukijitazama unaona hadi tundu za pua."

"Chui au duma?" nikauliza.

"Mimi nilitazama pua," akasema.

Wiki ile ile nikapanda treni.

Yule mama alikuwa anaishi Ilembo, pale ambapo nyumba zinaanza kuachana na mashamba ya mahindi yanaingia katikati. Alikuwa mjane wa rika langu, Mpimbwe kutoka huko bondeni kwenye mpunga, na alikuwa na chumba cha uani cha kupangisha. Nikakipanga. Sikusema kilichonileta. Asubuhi nilifunga sanduku langu kwenye baiskeli ya kukodi, nikaenda Magamba, siku nyingine nikapanda gari hadi Kasekese siku ya mnada, nikatengeneza vyerehani vya watu na kurudi jioni. Yeye alikaa barazani na karai lake la vitumbua vya mchele. Pembeni ya karai, juu ya kimeza, palikuwa na kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye kipande cha mti. Mteja akifika na kumkuta yuko ndani, anapiga kengele.

Siku moja nikamwuliza kengele ile ameitoa wapi.

"Urithi," akasema, bila kuinua macho kwenye mafuta. "Baba alituachia baiskeli moja, tuko watatu. Kaka mkubwa akachukua fremu, mdogo wetu akachukua magurudumu, mimi nikapewa kengele na kiti. Kiti kiliibiwa."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akitania. Baba yao, alipokuwa anaumwa, aliwaita wote akawaambia wagawane sawa kwa sawa, asiwepo wa kubaki na kizima huku wenzake wanatazama, maana yeye mwenyewe alikosana na ndugu zake kwa sababu ya ng'ombe mmoja na walizikana bila kusemeshana. Basi watoto wakashika neno lake kama lilivyo. Shamba walilikata vipande vitatu. Jokofu la kanisani lililokuwa limeuzwa kwa mzee walilifungua, mmoja akapata mlango. Jirani zao kule bondeni walikuwa wakiwacheka, lakini ndugu wale watatu hawakuwahi kugombana hata siku moja.

Zilipita wiki kadhaa. Asubuhi moja ya Jumapili, amerudi misa ya kwanza, akanikuta uani nimekaa nakunywa chai.

"Fundi, chumba unakipenda?"

"Kizuri, dada."

"Magamba unakwenda, Kasekese unakwenda, unarudi. Vyerehani vya Katavi nzima bado havijaisha kuharibika?"

"Bado."

"Basi sema ulichofuata. Yule mwuza mchele wa Tabora alinipigia simu hata hujashuka kwenye treni. Aliniambia anakuja mwanaume mpole sana, mwenye macho ya kutafuta hela ya baba yangu."

Nikaona aibu, nikacheka, nikakubali. Akaingia ndani akatoka na kopo la chumvi. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cha kitenge kilichokunjwa mara nyingi. Nikamwomba anisubiri. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikajifuta, nikatandika leso nyeupe juu ya kigoda, kisha nikapiga magoti.

"Mwanaume anapiga magoti," akasema. "Padri akikuona atakushangaa."

Akafungua kitambaa. Duma alikuwa pale, na madoa yake yote, mweupe wa umande kama kwenye kitabu, na kuzunguka kwake kioo cha dhahabu kilichoshika anga la Ilembo na ukingo wa bati la nyumba. Nikainama. Hapo ndipo nikaiona. Juu ya mgongo wa duma, kwenye kioo, palikuwa na alama ya dole gumba. Haikuwa ya jana. Ilikuwa imezama kwenye dhahabu, rangi ya chai ya rangi, mistari yake ikizunguka kama pete za maji, na katikati ulipita mstari mmoja ulionyooka ulioikata mshazari.

Nilikuwa nimesafiri miaka kuitafuta.

"Pole, dada," nikasema. "Kuna mtu aliigusa."

"Ndiyo."

"Ipo dawa. Nikiagiza Dar naweza kujaribu kuiondoa. Ikitoka vizuri, hata huwezi kujua kwamba..."

Alikuwa ameshavuta kitambaa kabla sijamaliza.

"Uondoe nini?"

"Hiyo alama."

"Fundi," akasema, "huyo ni baba."

Akakaa kwenye ngazi akanisimulia. Baba yake alikuwa mkulima wa mpunga, lakini enzi za ujana wake alimwongoza porini mgeni mmoja aliyekuja kutazama wanyama, akimwonyesha nyayo na mabwawa ya viboko. Siku mgeni anaondoka alimpa sarafu ile ndani ya kiboksi, akamwambia asiitoe. Mzee akaitoa pale pale. Alikuwa ametoka kupara samaki, mkono una mafuta, akaigandamiza kifuani kwa furaha. Kiboksi kikaliwa na mchwa miaka mingi baadaye. Mchwa hao hao walikula picha pekee aliyowahi kupigwa, ile ya kipande chake, kitambulisho cha zamani, iliyokuwa imewekwa kwenye shubaka la ukuta.

"Baba hakujua kuandika," akaendelea. "Shuleni kwetu, ofisini, kanisani, kila mahali aliweka dole. Huu mstari unauona? Ni mundu. Alijikata akivuna kabla ya huyo mgeni, mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Krismasi baada ya misa alituita, akaifungua, tukatazama bila kugusa. Ndugu zangu walitazama duma. Mimi nilitazama dole lake, halafu natazama lile la mkononi, naona yako sawasawa."

Baadaye, kwa kuwa alikuwa amenionyesha yake, nikamwonyesha zangu. Alizitazama kwa makini, mikono nyuma, kama mtoto aliyeonywa.

"Nzuri," akasema. "Safi sana. Ila hazina mtu."

Mpunga ulipokwisha kuvunwa, kaka zake wakaja Mpanda na gunia la mchele mpya. Mkubwa alikuwa mtu wa sauti ndogo, katekista kijijini kwake. Mdogo alikuwa na maneno. Walikaa uani wakala wali na samaki, na mimi nilikuwa pembeni nafunga cherehani cha jirani. Baada ya kunawa, mkubwa akasema kwamba kila kitu cha baba kimekwisha kugawanywa isipokuwa ile sarafu, iliyokuwa imebaki kwa dada kwa sababu mzee alifia nyumbani kwake. Kesho wataipeleka kwa sonara mjini, iyeyushwe, ipimwe, itoke mafungu matatu.

Dada alikuwa anakusanya sahani. Akasimama.

"Kaka, na dole la baba?"

"Nimeliwaza hilo njia nzima," mkubwa akasema. "Lakini mwenyewe ndiye aliyesema asibaki mtu na kizima. Nikivunja neno lake ili nibaki na dole lake, nitakuwa nimebaki na nini?"

"Tukianza na hii," mdogo akaongeza, "mwakani nitataka fremu ya baiskeli."

Hakuwa mkali. Hakuna aliyekuwa mkali pale, na hilo ndilo lililokuwa baya. Dada alirudisha sahani chini, akaketi, akaanza kufuta mikono kwa khanga ingawa ilikuwa mikavu. Nilijua hatabisha. Kesho mchana lile dole lingekuwa halipo duniani, na angekubali.

Nikaweka bisibisi chini.

"Samahanini kaka zangu," nikasema. "Nyie mnataka dhahabu, au mnataka ile dhahabu?"

"Dhahabu ni dhahabu, fundi," mdogo akajibu. "Au ya baba ina ladha ya mchele?"

Nikaingia chumbani nikatoka na kopo.

"Fundi, tunakwenda kwa sonara," mdogo akasema. "Viatu tutapiga dawa Jumapili."

Kesho yake tulikuwa wanne kwenye chumba cha sonara, nyuma ya soko. Watu wa machimbo huleta dhahabu yao pale, kwa hiyo palikuwa na joto la mkaa na harufu ya tindikali. Nikatoa kobe kwenye kikasha chake, ayeyushwe badala ya duma. Tangu nipewe sikuwa nimemwona mtu akiigusa uso. Sonara aliishika kama kitumbua. Akaisugua ukingo kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha dawa, akatikisa kichwa kuikubali, kisha akaipima kwenye mizani, na duma naye akampima, juu ya kitambaa chake kwa sababu dada alikataa kukitoa, kisha akapima kitambaa peke yake.

"Hii ya kobe ni nyepesi," akasema. "Lakini inatoa theluthi mbili za ile nyingine, na chembe inabaki."

"Chembe ni ya mkaa wako," nikamwambia.

Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, akipiga hesabu. "Sawa," akasema. "Mimi nimepata fungu langu, mdogo wangu amepata lake. Lakini dada atakuwa na duma mzima. Baba alisema asibaki mtu na kizima."

Nilimwona dada anakaza mkono kwenye kitambaa.

"Kaka, mbona siyo kizima?" mdogo akasema. "Mafungu yetu mawili kayalipa huyu. Kwenye duma, theluthi moja ni ya dada, theluthi mbili ni za fundi."

"Kweli?" mkubwa akaniuliza.

"Kwa hesabu hiyo, kweli," nikasema.

"Basi ni sawa kwa sawa." Uso wake ukafunguka. "Nyie wawili mtajua wenyewe mtakavyokatana."

"Hao hawatakatana, kaka," mdogo akasema. "Karibu, shemeji."

Sonara alicheka mpaka akasahau kupuliza moto. Dada alitazama ukutani.

Nilisimama karibu kumtazama kobe akienda. Kioo ndicho kilichoondoka kwanza. Kikafifia kama kimepuliziwa pumzi. Kobe akabaki kidogo, mgongo wake na kichwa, halafu ghafla sarafu ikashindwa kujishikilia, ikakusanyika kuwa tone. Tone lile lilizunguka kwenye kibakuli cha udongo, jekundu halafu la njano, na kwa muda mfupi likawa kioo kuliko sarafu yoyote niliyowahi kushika: niliona ndani yake mwanga wa mlango na vichwa vyetu vinne vilivyoinama. Kisha sonara akalimimina.

Nilibaki Ilembo miezi kadhaa baada ya siku hiyo. Ilikuwa miezi mizuri. Nilimtengenezea dada cherehani kuukuu kilichokuwa stoo, akaanza kushona mifuko ya mchele. Kaka zake walipopiga simu walimwambia amsalimie shemeji, naye aliniletea salamu kwa maneno hayo hayo, bila kutabasamu. Jumapili alifungua kitambaa tukatazama wote wawili, mimi duma, yeye dole. Kadiri siku zilivyokwenda nikawa natazama dole na mimi.

Lakini nilikuwa nimefika Mpanda nikifuata kitu, na nilikuwa nimekiona. Mvua za kwanza zilipoanza kunuka upande wa magharibi, nikaanza kuamka nikisikiliza honi ya treni. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa ananijua kwa jina, ananiuliza habari za mahindi. Dada aliona kabla sijasema. Alinifulia koti bila kuombwa.

Siku niliyoondoka ilikuwa Jumatano, ya mawingu. Nilipotoka na sanduku, yeye alikuwa barazani, karai liko motoni, vitumbua vya kwanza vimeshatoka. Kando ya kengele alikuwa ameweka kitambaa cha kitenge.

"Sehemu kubwa ni yako," akasema. "Ichukue."

"Nikiichukua, si utabaki na theluthi bila chochote cha kutazama?"

"Na wewe ukiiacha?"

"Nikiiacha bado siyo kizima. Neno la mzee halijavunjwa."

Akafikiri, akigeuza kitumbua. Kisha akanyoosha mkono. "Lete ile ya ndege."

Nikafungua kopo, nikatoa kikasha, nikampa. Akakifungua. Nililiona dole gumba lake, linang'aa mafuta ya vitumbua, lina unga wa mchele kwenye kucha. Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema ukingo, dada, shika ukingo. Sikusema. Akaligandamiza juu ya kioo, pale mbele ya mdomo wa ndege, polepole, kama mtu anayeweka sahihi ofisini, akaliondoa.

"Na yako isibaki kizima," akasema.

Akafunga kikasha mwenyewe, akakirudisha kwenye pamba, akafunika kopo na kunipa, pamoja na vitumbua vilivyofungwa kwenye gazeti. Nikamwambia asante, dada. Akasema treni haimsubiri mtu, ingawa wote wawili tulijua kwamba ile ya Mpanda husubiri kila mtu.

Nilipofika barabarani nikasikia kengele ya baiskeli. Mteja alikuwa anataka vitumbua, na dada alikuwa ameshaingia ndani, hamjibu.